Henry Brougham: Ulimi Uliojenga na Kubomoa

Wazee wetu walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole hupona baada ya siku chache, lakini aliyejikwaa ulimi huenda asipone maisha yake yote. Leo nataka, msomaji, tuitazame pamoja habari ya mtu mmoja wa Uskoti ambaye ulimi wake ulimtoa katika nyumba ya watu wa kadiri, ukamketisha katika kiti cha mkuu wa mahakimu wote wa Uingereza, kisha ulimi huo huo ukamshusha, asipande tena. Jina lake ni Henry Brougham. Usilisome jina hilo kama lilivyoandikwa. Wenyewe hulitamka kwa kifupi, Brum.

Pengine utaniuliza: Mskoti wa zamani ananihusu nini mimi mwanafunzi wa Kenya? Swali lako ni la haki, na jibu lake utalipata kabla hatujafika mwisho, maana sheria mbili zilizotoka mkononi mwa mtu huyu zilivuka bahari zikafika mpaka huku kwetu.

Brougham alizaliwa katika mji wa Edinburgh tarehe 19 Septemba, 1778. Baba yake alikuwa Mwingereza wa jimbo la Westmorland aliyehamia Uskoti, na mama yake alikuwa mpwa wa William Robertson, mwanahistoria mashuhuri na mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Siku hizo Edinburgh ulikuwa mji wa elimu kuliko miji mingi ya Ulaya, na mtoto huyu aliinywa elimu kama mwenye kiu. Aliingia Chuo Kikuu akiwa angali mvulana. Mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 17, aliandika makala juu ya tabia ya nuru, nayo ikachapishwa na Royal Society ya London, chama kikuu cha wataalamu wa sayansi. Fikiri, msomaji, huo ndio umri wako wewe au wa ndugu yako katika kidato cha nne.

Mwaka 1800 akawa wakili. Hapa yafaa ujue kwamba Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707, lakini ilibaki na sheria zake na mahakama zake. Brougham alikuwa wakili wa sheria ya Kiskoti, na kazi haikuwa nyingi, kwa sababu wakubwa wa Uskoti wakati ule walikuwa wafuasi wa chama cha Tory, na vijana waliopenda mageuzi hawakupewa kesi wala vyeo. Kijana asiye na kazi huweza kulala au huweza kushika kalamu. Brougham na rafiki zake watatu, Francis Jeffrey, Sydney Smith na Francis Horner, walishika kalamu, na mwaka 1802 wakaanzisha gazeti lililoitwa Edinburgh Review. Muda si muda likasomwa na kuogopwa kote Uingereza.

Lakini hapo hapo twaona ufa wa kwanza. Palikuwa na mtaalamu mmoja Mwingereza, Thomas Young, aliyesema kwamba nuru husafiri kwa mawimbi. Brougham aliandika katika gazeti lake maneno makali ya kumdhihaki, kana kwamba Young ni mjinga asiyejua alisemalo. Wasomaji wengi wakamwamini mwenye ulimi mkali kuliko mwenye hoja. Baadaye majaribio ya wataalamu wengine yakaonyesha kwamba Young ndiye aliyekuwa na haki. Kumbe mtu aweza kushinda mabishano na kushindwa na ukweli.

Alipoona njia imefungwa Uskoti, Brougham alikwenda London, akaanza upya kujifunza sheria ya Kiingereza, akakubaliwa kuwa wakili huko mwaka 1808. Mwaka 1810 akaingia Bungeni kuwa mjumbe wa Camelford. Mji huo ulikuwa mdogo sana, na kura zake zilikuwa kama mali ya kabaila mmoja aliyempa kiti amtakaye. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Kazi yake kubwa ya kwanza Bungeni ilihusu biashara ya watumwa. Huenda umefundishwa kwamba Uingereza ilikataza biashara hiyo mwaka 1807. Ni kweli, lakini sheria ile ilikuwa na tundu. Adhabu yake ilikuwa faini na kunyang'anywa merikebu tu. Wafanya biashara wakapiga hesabu zao: merikebu moja ikikamatwa na nyingine ikafika salama, faida ya ile iliyofika yalipa hasara ya ile iliyokamatwa. Basi wakaendelea. Brougham alisema kwamba kumtoza faini mwizi wa watu ni kumfanya alipe ushuru wa uovu wake. Mwaka 1811 akaleta sheria mpya: Mwingereza ye yote atakayefanya biashara hiyo atahesabiwa kuwa mhalifu mkubwa, naye aweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo hata miaka 14. Bunge likaikubali. Tajiri asiyeogopa kupoteza fedha huogopa kupoteza uhuru wake mwenyewe. Tangu hapo Waingereza wengi waliokuwa wakiifanya biashara ile kwa siri wakaiacha.

Jina lake lilivuma hasa mwaka 1820. George wa Nne alikuwa ametawala karibuni, naye alimchukia mkewe, Caroline, ambaye alikuwa ametengana naye tangu zamani na kuishi katika nchi za ng'ambo. Malkia aliporudi kudai haki yake, serikali ilileta mswada mbele ya Baraza la Malodi ili avuliwe cheo na ndoa ivunjwe, kwa madai kwamba alizini na mtumishi wake Mwitalia. Brougham akawa wakili wa Malkia. Tazama ugumu wa kazi ile: mshitaki alikuwa Mfalme, na waliohukumu walikuwa malodi, wengi wao wakitazamia hisani ya Mfalme huyo huyo.

Mashahidi waliletwa kutoka Italia kwa gharama ya serikali. Mmoja wao, Majocchi, aliyewahi kuwa mtumishi wa Malkia, alieleza habari nyingi kwa wepesi alipoulizwa na upande wa mashitaka. Lakini Brougham alipoanza kumhoji, kumbukumbu zake zilikauka. Kila swali alilijibu kwa maneno yale yale ya Kiitalia yenye maana ya "sikumbuki", hata maneno hayo yakawa mzaha mitaani London kote. Brougham aliwaambia malodi kwamba wakili, anapofanya kazi yake, humjua mtu mmoja tu duniani, naye ni yule anayemtetea; kumwokoa huyo ni wajibu wake, hata ikiwa wakubwa watatikisika. Neno hili mawakili hulijadili hata leo. Wengine hulisifu, na wengine husema kwamba wakili anao wajibu pia kwa ukweli na kwa mahakama. Wewe mwenyewe lipime.

Tarehe 10 Novemba, 1820, mswada ulipita kwa kura 9 tu. Serikali ikaona aibu, ikauondoa, maana haikuthubutu kuupeleka mbele ya Baraza la Wawakilishi. Watu wa London waliwasha taa madirishani kwa furaha. Lakini ushindi huo ulimgharimu Brougham. Mfalme alimwekea kinyongo, akamnyima joho la hariri la mawakili wakuu, asilipate mpaka mwaka 1827.

Katika miaka hiyo Brougham alifanya kazi nyingine isiyo na shangwe, nayo ndiyo inayonigusa mimi mwalimu kuliko zote. Aliamini kwamba umaskini si sababu ya mtu kunyimwa elimu. Alisaidia vyuo vya jioni vya mafundi, ambamo waashi na wahunzi walijifunza hesabu na sayansi baada ya kazi. Mwaka 1826 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chuo Kikuu cha London. Wakati huo Oxford na Cambridge zilikuwa mikononi mwa Kanisa la Uingereza. Mkatoliki, Myahudi au Mkristo wa dhehebu jingine hakuweza kupata digrii huko. Chuo kipya hakikumwuliza mwanafunzi dini yake. Mwaka huo huo Brougham aliunda chama cha kueneza maarifa yenye manufaa, kikachapisha vitabu vya bei nafuu. Tangu mwaka 1832 kikatoa gazeti la kila juma lililouzwa kwa peni moja, na kwa wakati fulani nakala zake zilifikia kama 200,000.

Mwaka 1828, mwanajeshi mashuhuri, Duke wa Wellington, alipofanywa Waziri Mkuu, wengine waliogopa kwamba nchi itatawaliwa kwa upanga. Brougham alisema Bungeni kwamba yeye hamwogopi askari. Alisema yuko mtu mwingine atembeaye katika nchi, asiyetazamwa sana, naye ni mwalimu wa shule. Na kitabu cha kusomea alichoshika mwalimu huyo kina nguvu kuliko silaha zote za askari. Kila mara ninapowatazama wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu wakibeba chaki kwenda kufundisha kwa mara ya kwanza, huku mikono yao ikitetemeka, nalikumbuka neno hilo.

Wala hakuwasahau watumwa. Biashara ilikuwa imekatazwa, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ukiendelea katika visiwa vya miwa vya Waingereza. Mwaka 1823 maelfu ya watumwa wa Demerara, katika nchi tuiitayo leo Guyana, waliinuka kudai uhuru. Walivunjwa kwa ukatili, na mmisionari mmoja, John Smith, akahukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi kwa kudaiwa kwamba aliwachochea. Alikufa gerezani mwaka 1824 kabla hajajua kwamba Mfalme amembadilishia hukumu. Brougham aliisimamisha habari ile mbele ya Bunge, akaonyesha jinsi mahakama ilivyovunja kila kanuni ya haki. Kura zilimshinda, lakini Waingereza wengi wakaanza kuuona utumwa jinsi ulivyo. Mwaka 1830 watu wa Yorkshire, jimbo kubwa kuliko yote, walimchagua awe mjumbe wao, hali hakuwa na shamba wala jamaa huko, kwa sababu alikuwa adui wa utumwa.

Mwaka huo huo chama chake, chama cha Whig, kilishika serikali, naye akafanywa Lodi Chansela, yaani mkuu wa mahakimu na mshika mhuri mkuu wa Mfalme, akiwa pia msimamizi wa majadiliano katika Baraza la Malodi. Sasa twarudi Camelford. Uchaguzi wa Uingereza ulikuwa umeoza. Mahame kama Old Sarum, penye wapiga kura wachache wa kuhesabika, yalikuwa na wajumbe wawili Bungeni, hali miji mikubwa ya viwanda kama Manchester na Leeds haikuwa na mjumbe wake hata mmoja. Serikali ilileta mswada wa kuondoa maovu hayo. Oktoba 1831 Brougham aliwahutubia malodi kwa saa nyingi, na mwishoni akapiga magoti mbele yao akiwasihi wasiukatae. Waliukataa, nchi ikawaka fujo. Mwaka uliofuata walikubali, na miongoni mwa viti vilivyofutwa kimo kile cha Camelford, kilichomwingiza Brougham mwenyewe Bungeni. Alikata ngazi aliyopandia. Hata hivyo usidhani kwamba demokrasia ilikuwa imefika: wanawake hawakupata kura, wala wanaume wengi maskini.

Mwaka 1833 ikapita sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti, 1834. Watu kama 800,000 waliguswa na sheria hiyo. Lakini tusiisome historia kwa jicho moja. Bunge lililipa pauni milioni 20, kama sehemu mbili katika tano za matumizi ya serikali kwa mwaka mzima, na fedha hizo zilikwenda kwa mabwana waliomiliki watu. Mtumwa aliyepigwa mijeledi na kuuziwa watoto hakulipwa hata senti. Zaidi ya hayo, wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale kwa jina la "wanagenzi". Mwaka 1838 Brougham alisimama tena katika Baraza la Malodi kuushambulia udanganyifu huo, na tarehe 1 Agosti mwaka huo unagenzi ukakomeshwa. Wala tusiseme kwamba uhuru ulikuwa zawadi ya Bunge tu. Watu wa Demerara mwaka 1823 na wa Jamaika mwaka 1831 waliununua kwa damu yao, na hofu ya maasi mengine ilisukuma kura nyingi kuliko hotuba.

Wakati anasema maneno hayo ya mwaka 1838, Brougham hakuwa tena na cheo. Kilichomwangusha nini? Hakushindwa na adui, wala hakula rushwa. Aliangushwa na majivuno na ulimi. Alikuwa akiwadhihaki wenzake serikalini, akitoa siri zao, akitaka kila kazi aifanye yeye na kila sifa aipokee yeye. Mwaka 1834 alizunguka Uskoti akihutubia na kujigamba, akiwa amechukua mhuri mkuu wa Mfalme kama mtu achukuavyo mzigo wake wa safari. Mfalme alichukizwa. Serikali ikaondolewa, na chama chake kiliporudi mwaka 1835, Waziri Mkuu Melbourne alimwacha nje. Alikuwa Lodi Chansela kwa miaka 4. Aliishi miaka 33 zaidi bila kupewa wizara yo yote.

Mwaka 1839 ulitokea mkasa wa ajabu. Ilienea habari kwamba Brougham amekufa katika ajali ya gari la farasi, magazeti yakachapisha tanzia zake. Habari ilikuwa ya uongo, na watu wengi walimshuku yeye mwenyewe kwamba ndiye aliyeieneza ili asome atakavyosifiwa. Fikiri jinsi jina la mtu linavyokuwa limeshuka, hata watu wakaona jambo hilo laweza kuaminika. Mwaka huo huo msiba wa kweli ulimfikia: binti yake Eleonora Louisa alifariki akiwa na umri wa miaka 17. Ndiye mtoto wake wa pekee aliyekuwa amekua. Nyumba aliyoijenga Cannes, katika pwani ya kusini ya Ufaransa, aliipa jina la binti huyo. Cannes wakati ule kilikuwa kijiji cha wavuvi. Brougham alikifikia mwaka 1834 kwa sababu ya kuzuiliwa mpakani kwa ajili ya kipindupindu, akakipenda, na matajiri wengine wakamfuata. Huko ndiko alikofia tarehe 7 Mei, 1868, akiwa na miaka 89.

Sasa nilipe deni langu. Nilisema kwamba sheria mbili za mtu huyu zilifika kwetu. Ya kwanza ilipita mwaka 1833, alipokuwa angali Lodi Chansela. Iliunda Kamati ya Mahakama katika Baraza la Mfalme huko London, isikilize rufani za makoloni. Kwa muda wa utawala wa Kiingereza, mtu wa Kenya aliyeshindwa katika mahakama zote za hapa aliweza kuomba rufani mbele ya Kamati hiyo. Hata kesi ya Kapenguria, ambayo Jomo Kenyatta na wenzake walihukumiwa mwaka 1953, ilipelekwa huko, na Kamati ikakataa kuisikiliza. Mlango ulikuwapo, kufunguliwa lilikuwa jambo jingine. Baada ya Uhuru wa 1963 Kenya iliacha kupeleka rufani zake London.

Sheria ya pili aliileta mwaka 1843, bila cheo cho chote. Ilisema kwamba raia wa Uingereza haruhusiwi kununua wala kuuza watumwa hata akiwa katika nchi ya kigeni. Kabla ya miaka 20 kupita, kanuni hiyo ilionekana Unguja: mwaka 1860 Konsoli wa Kiingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, nao waliofunguliwa walihesabika kwa maelfu. Safari ya uhuru ilikuwa bado ndefu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa haukukomeshwa kisheria Unguja mpaka 1897, wala katika pwani ya Kenya mpaka 1907. Katika miaka hiyo ya kungoja, wengi hawakungoja: walitoroka, wakajenga vijiji vya watoro kama Fuladoyo, nyuma ya pwani yetu.

Basi, msomaji, tumhukumuje mtu huyu? Wako watakaosema kwamba mwenye majivuno kiasi hicho hastahili kukumbukwa. Wako watakaotaka tumsahau Young aliyedhihakiwa na wenzake waliochongewa, ili sifa zake zing'ae. Mimi nakushauri usifanye hili wala lile. Mizani ya historia ina sahani mbili, na asiyeweka kitu katika zote mbili hakupima. Brougham alitumia ulimi wake kwa ajili ya mtumwa asiyekuwa na kura, na mwanamke aliyeshitakiwa na mfalme, na fundi asiyekuwa na shule. Maneno hayo yalijenga, na mengi ya majengo hayo yalidumu. Alipoutumia kwa ajili yake mwenyewe ulibomoa, na aliyebomolewa alikuwa yeye.

Siku moja nawe utasimama mbele ya watu, pengine mahakamani, pengine Bungeni, pengine katika darasa la watoto arobaini wenye kalamu fupi. Kabla hujafungua kinywa, jiulize neno moja: nasema kwa ajili ya nani?